Daftari Lililo Chini ya Ngozi

Shangazi yangu alianza kuanguka mwaka 2009, wakati bado akiishi Ngamiani, mjini Tanga. Mara ya kwanza alianguka mlangoni mwa jirani, mkononi ana bakuli la mchuzi. Hakupiga kelele wala hakulalamika maumivu. Alikatika tu, kama taa iliyozimwa, na kabla watu hawajamaliza kuitana alikuwa amekwisha kufumbua macho, anauliza kama bakuli la watu limevunjika. Ikapita miezi sita bila ya lolote. Kisha akaanguka tena, safari hiyo sokoni.

Ndugu msomaji, sina haja ya kukueleza kwa kirefu yaliyofuata, maana huenda katika ukoo wako nayo yamepita. Walikuwako waliosema kwamba ni pepo wa kurithi, na ngoma ikachezwa. Wengine wakasema ni kifafa, kwa sababu alipoanguka sokoni alionekana akitupa mkono mara mbili tatu. Na kwa kuwa maneno yao yalinukia kisomo zaidi, shangazi akameza vidonge vya kifafa kwa muda wa miaka saba. Vidonge vilimlaza usingizi mchana, lakini havikumzuia kuanguka. Hospitalini alipimwa umeme wa moyo mara nyingi. Kila mara karatasi ilitoka safi, na kila mara aliambiwa kwamba moyo wake hauna neno.

Karatasi ile haikusema uongo, na hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze Jumapili hii. Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo huutazama moyo kwa sekunde 10 hivi. Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo mtu aliyepimwa leo ameonwa katika sehemu moja tu kati ya sehemu 8,640 za siku ya leo, na shangazi yangu alikuwa akianguka mara mbili kwa mwaka. Ni sawa na mlinzi wa ghala anayechungulia dirishani mara moja usiku mzima, kisha akaandika kitabuni kwamba mwizi hakuonekana.

Aidha, ule mkono uliotupwa sokoni haukuwa ushahidi wa kifafa. Moyo ukisimama sekunde kadhaa, ubongo hukosa damu, na ubongo uliokosa damu huweza kuvitikisa viungo kwa muda mfupi. Tofauti moja kubwa ni namna mgonjwa anavyoamka. Aliyezimia kwa sababu ya moyo kwa kawaida huzinduka upesi na akili zake timamu; aliyepatwa na kifafa mara nyingi hukaa muda mrefu amechanganyikiwa. Shangazi yangu aliuliza habari za bakuli. Laiti mmoja wetu angelisimulia jambo hilo kwa daktari kama lilivyotokea, pengine miaka saba isingelipotea.

Matabibu waliijua kasoro ya zile sekunde 10 tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Norman Holter, Mmarekani wa mji wa Helena katika jimbo la Montana, alitengeneza mtambo wa redio wa kubebwa mgongoni ili moyo wa mtu uweze kusomwa akiwa katika shughuli zake. Mtambo huo ulikuwa na uzito wa karibu kilo 38; wengi wetu tungelianguka kwa mzigo kabla ya kuanguka kwa maradhi. Kipimo kinachoitwa kwa jina lake hadi leo kimekuwa kijisanduku kidogo cha kuvaliwa, nacho huandika mapigo kwa siku moja, mbili, au zaidi kidogo. Kwa mtu anayeanguka kila juma, hicho chatosha. Kwa anayeanguka kila baada ya miezi sita, hata siku mbili ni bahati nasibu.

Ndipo katika miaka ya 1990 madaktari George Klein na Andrew Krahn, pamoja na wenzao wa mji wa London (si ule wa Uingereza, bali ule ulio katika jimbo la Ontario, nchini Kanada), walipojaribu njia nyingine: kinasa-mapigo chenyewe kitiwe chini ya ngozi ya kifua, kikae humo hata kama tukio litachelewa mwaka mzima. Vinasa vya siku hizi vina urefu wa kama njiti ya kiberiti, ingawa ni vinene na vipana zaidi, na uzito wake ni gramu chache. Daktari hutia ganzi upande wa kushoto wa kifua, akaikata ngozi kipande kisichofika sentimita moja, akakisukuma ndani. Hakuna waya unaoingia moyoni. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile, na betri hudumu miaka kadhaa. Aina zilizotumika sana kwa miaka mingi zilidumu miaka 3, na mpya zaidi hudumu zaidi ya hapo.

Yafaa ieleweke wazi kwamba kifaa hiki si ile betri ya moyo ambayo wengi wetu tumeisikia. Betri ya moyo huusukuma moyo unapozembea. Kinasa hakisukumi wala hakitibu chochote. Ni karani aliyeketi kando ya mlango na daftari lake. Huandika na kufuta, huandika na kufuta, mpaka litokee jambo aliloagizwa kulishika: moyo kusimama kwa sekunde zilizowekwa na daktari, kwenda polepole mno, kwenda mbio, au kupiga ovyo bila mpango. Hapo ndipo hukihifadhi kile kipande. Mgonjwa naye hupewa kidude chenye kitufe, au programu katika simu yake, ili anapozinduka abonyeze, na dakika chache zilizotangulia zihifadhiwe zisije zikafutwa.

Na daftari lenyewe ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Katika aina moja inayotumika sana, nafasi yote ya kuhifadhi michoro ya mapigo ni kama saa moja tu. Likijaa, ukurasa wa zamani hufutwa ili mpya uandikwe. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Shangazi alihamia kwa binti yake London, ile ya Uingereza, mwaka 2018, na mwaka 2021 akaanguka jikoni akapasuka nyusi. Mwezi Septemba mwaka huo akatiwa kinasa. Pamoja nacho alipewa kisanduku cha kuweka karibu na kitanda, chenye plagi ya umeme na taa ndogo. Kazi ya kisanduku ni hii: usiku, mgonjwa akiwa amelala mita chache kutoka hapo, huzungumza na kinasa kwa mawimbi ya redio, huchukua kilichoandikwa, kisha hukipeleka kwa mtandao wa simu mpaka penye hifadhi ya habari, ambapo hospitali hukisoma katika kompyuta zake. Mgonjwa hahisi kitu.

Binti yake alinipigia simu kwa furaha. "Sasa mama yuko chini ya macho ya madaktari usiku na mchana," aliniambia. Nami nikawapa habari hiyo ndugu wote wa Tanga, tukashukuru. Kuanzia siku hiyo tuliacha hata kumuuliza kama ameanguka. Tulidhani yupo anayejua kabla yetu.

Wazo la kuusoma moyo ulio mbali, kwa kweli, ni la zamani kuliko redio ya Holter. Willem Einthoven, Mholanzi wa mji wa Leiden, ndiye aliyetengeneza mtambo wa kwanza uliochora umeme wa moyo sawasawa, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mtambo wake ulikuwa mzito na haukuweza kuhamishwa, na wagonjwa walikuwa hospitalini, kilomita moja na nusu kutoka kwenye maabara yake. Basi mwaka 1905 akaviunganisha viwili hivyo kwa waya wa simu. Mgonjwa alitia mikono yake katika vyombo vya maji ya chumvi huku hospitalini, na moyo wake ukajichora kule maabarani. Lakini angalia tofauti: Einthoven aliposhika waya wake, yeye mwenyewe alikuwa amesimama penye ncha ya pili, anatazama. Swali ambalo familia yetu haikuliuliza ni nani amesimama kwenye ncha ya pili ya kile kisanduku cha London.

Jibu ni kwamba wapo watu, tena wenye ujuzi, lakini hawapo usiku na mchana. Wapo saa za kazi. Asubuhi mtaalamu wa vipimo vya moyo hufungua kompyuta, akakuta orodha ya yaliyoingia tangu jana. Jumatatu hukuta ya siku tatu. Nyingi katika kengele hizo ni za uongo. Msuli wa kifua umetetemeka, kinasa kikadhani moyo unakwenda mbio. Mgonjwa amejigeuza kitandani, kinasa kikalipoteza pigo, kikaandika kwamba moyo umesimama. Mapigo ya ziada yasiyo na madhara yamehesabiwa kuwa maradhi. Mtambo hauwezi kuaminiwa peke yake kutenganisha pumba na mchele, kwa hiyo kila mchoro hauna budi kutazamwa kwa jicho la mtu. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa mapigo ya moyo vya Marekani, Ulaya, Asia na Pasifiki, na Amerika ya Kilatini vilitoa mwongozo wa pamoja, vikasema kwamba kwa kila wagonjwa 1,000 wanaofuatiliwa kutoka mbali wanahitajika wafanyakazi wasiopungua 3 wa muda wote. Anayefikiri kwamba mitambo hupunguza kazi ya watu na aitafakari hesabu hiyo. Kazi haikupungua, imehama kutoka kitandani hadi kwenye meza.

Sasa nirudi kwa shangazi. Mwezi Machi 2022, mjukuu wake wa miaka 12 alihitaji soketi ya kuchajia kifaa chake cha michezo. Soketi iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya nyuma ya kabati, yenye plagi ya kisanduku. Akaichomoa, akachaji, akaondoka. Hakuna aliyemfundisha kwamba kile kitaa cha kijani kilikuwa na maana. Kisanduku kikakaa bila umeme siku tisa.

Katika siku hizo tisa, shangazi alianguka. Ilikuwa Alhamisi, alfajiri, nyumba nzima imelala. Alizinduka sakafuni kwenye baridi, akajiinua, akasali, akarudi kitandani. Hakumwambia mtu. Kidude cha kubonyeza kilikuwa katika mkoba wa kutokea, naye hakukitafuta. Baadaye nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alinijibu: "Mwanangu, yule binti anatoka kazini usiku, amechoka. Nimwamshe nimwambie nini, kwamba nimeanguka tena? Si anajua kwamba huanguka?"

Jumapili binti yake alikuwa akifagia nyuma ya kabati, akaiona plagi iko chini. Akaichomeka, bila ya kulifikiria sana. Usiku ule kisanduku kikazungumza na kinasa kama kawaida yake.

Jumatatu saa 4 asubuhi simu ikalia. Alikuwa mtaalamu wa hospitali. Aliuliza hali, kisha akauliza, kwa upole: Alhamisi iliyopita, saa 11 na dakika 10 alfajiri, mama alikuwa akifanya nini? Binti yake akajibu kwamba alikuwa amelala. Shangazi, aliyekuwa ameketi pale mezani na kikombe chake cha chai, akasikia swali likitafsiriwa, akainamisha kichwa. Akasema, "Nilikuwa natia udhu."

Moyo wake ulikuwa umesimama sekunde tisa. Baada ya miaka kumi na mitatu ya pepo na kifafa, jambo lenyewe lilionekana likiwa limeandikwa kwa saa na dakika, na kwa mstari ulionyooka pale ambapo palipaswa kuwa na milima. Kabla ya juma kwisha alitiwa betri ya moyo, kinasa kikatolewa. Hajaanguka tena.

Watu wa nyumbani huisimulia habari hii kama ushindi wa mtambo, nami sikatai. Lakini mimi huzihesabu zile siku tisa. Kama kengele za uongo zingelifuatana kwa wingi, ukurasa ule wa Alhamisi ungeliweza kufutwa na mwingine kuandikwa juu yake. Na kama moyo ungelisimama kwa muda mrefu zaidi ya ule, hata kisanduku chenye umeme kisingelimwita mtu yeyote alfajiri ile. Hospitali haikuficha jambo hili. Limeandikwa katika kijitabu walichopewa, kwamba huduma hii si ya dharura, na kwamba mgonjwa akianguka au akibanwa na kifua apige simu ya dharura, asisubiri kisanduku. Binti yake alikisoma kijitabu baada ya ile Jumatatu. Mimi naona kurasa za namna hiyo zingefaa kusomwa kwa sauti sebuleni, watoto wakiwapo.

Msomaji atauliza: kama kifaa ni chema hivyo, kwa nini kila mzee asitiwe? Swali hili limekwisha kujaribiwa. Liko tatizo jingine la moyo ambamo vyumba vya juu huacha kupiga kwa mpango, vikatetemeka tu; damu hutuama humo, huganda, na bonge lake likisafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Mara nyingi mwenyewe hahisi lolote. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2014, wagonjwa 441 waliokwisha kupata kiharusi kisichojulikana chanzo chake waligawanywa makundi mawili. Baada ya mwaka mmoja, tatizo hilo liligunduliwa kwa asilimia 12.4 ya waliotiwa vinasa, na kwa asilimia 2 tu ya waliofuatiliwa kwa njia za kawaida. Kwa watu kama hao, kujua hubadili dawa anayopewa mgonjwa, na sababu ya kukitia kinasa ipo.

Lakini Denmark waliwachukua wazee 6,004 wa umri kati ya miaka 70 na 90, wasiojulikana kuwa na tatizo hilo, ila wenye shinikizo la damu, kisukari au hatari nyinginezo za kiharusi. Robo yao walitiwa vinasa. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: tatizo liligunduliwa kwa asilimia 31.8 ya wenye vinasa, dhidi ya asilimia 12.2 ya wengine, na waliopewa dawa za kuzuia damu kuganda walikuwa zaidi ya mara mbili. Hata hivyo, baada ya miaka zaidi ya mitano, waliopatwa na kiharusi au bonge la damu mahali pengine mwilini walikuwa asilimia 4.5 upande mmoja na 5.6 upande wa pili, tofauti ndogo ambayo watafiti hawakuweza kuithibitisha kuwa si ya bahati. Walitafuta sana, wakaona mengi, na faida ikawa haba. Mimi nalichukulia hilo kuwa onyo kwa yeyote atakayetaka kutuuzia vifaa vya namna hii kama mtu auzavyo saa. Anayeanguka bila sababu kujulikana anastahili kinasa. Mzee mzima wa afya anastahili kwanza kupimwa shinikizo la damu, na kushikwa mshipa wa mkono kwa dakika nzima na mtu anayejua kuhesabu, akisikiliza kama mapigo yanakwenda kwa mpango au yanarukaruka. Kipimo hicho cha mshipa hakihitaji plagi.

Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015 hutia betri za moyo, na mtu anayeanguka hana sababu ya kumaliza miaka saba akimeza vidonge visivyo vyake. Aendapo kwa daktari, afuatane na yule aliyemwona akianguka. Mwenye kuanguka hajui kilichotokea. Jirani ndiye anayejua kama alisimama au aliketi, kama alipauka, kama alizinduka upesi, na neno lake la kwanza lilikuwa lipi. Na ndugu anayerejea nyumbani kwa likizo akiwa na kinasa kilichotiwa nje aiulize hospitali yake, kabla ya safari, kama kisanduku chake kitafanya kazi huku. Si kila kimoja hufanya kazi katika kila nchi. Kisipofanya kazi, kinasa huendelea kuandika, lakini hakuna anayesoma, na daftari ni lile lile la saa moja.

Shangazi anategemea kuja Tanga mwisho wa mwaka. Betri yake ya moyo nayo ina kisanduku chake, kipya, naye amekwisha kuuliza habari zake za safari mara tatu, mpaka hospitali imemjibu kwa barua. Amekifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, mfano wa vile walivyokuwa wakifunika redio zamani. Waya wake ameufunga kwa utepe wa kanga kwenye mguu wa kitanda. Mjukuu, ambaye sasa ni kijana mwenye sauti nzito, ndiye anayekitazama kitaa kila usiku kabla ya kulala, na hakuna aliyemwagiza.